Mayai ya Mstaafu

Mjini Nachingwea, mtu mwenye mayai anayoyaonea uchungu hamwachii kuku. Humpelekea Mwanne. Kuku ana wazimu wake: leo kaatamia vizuri, kesho kaona panzi, kaondoka, mayai yamepoa. Mwanne haondoki. Ana sanduku lake la mbao, kubwa kama kabati la vyombo, ndani trei za waya, chini taa ya chemli na karai la maji, na watu wanaliita mashine ingawa halina hata skrubu inayozunguka. Kinachozunguka ni Mwanne mwenyewe. Kila yai analitia alama ya mkaa upande mmoja, na kila siku, baada ya sala ya alfajiri na tena jua likianza kushuka, anafungua mlango na kuyageuza yote, moja moja, alama juu, alama chini. Yai lisilogeuzwa, atakwambia hata kama hukumuuliza, kifaranga chake hugandia kwenye gamba na kufia humohumo. "Yai halilali upande mmoja kama mlevi," husema, na anasema hivyo kwa ukali, kana kwamba wewe ndiye uliyelilaza.

Kazi hiyo aliipata kwa mama yake huko Nambambo, ambaye hakuwa na sanduku, alikuwa na bata. Mwanne alipoolewa mjini alikuja na mikono ile ile. Hana maneno matamu. Ukimletea mayai uliyoyaosha kwa maji, anakurudishia na kikapu chako. Ukimletea ya wiki nyingi, anakuuliza kama ulikuwa unasubiri yatoe meno. Lakini ukirudi siku ya kuangua utakuta vifaranga wamekauka manyoya na wanalia, ndiyo maana watu humvumilia. Wapo wanaosema Mwanne hajui yai viza linavyonuka. Huo ni uongo, analijua sana, ila ni kweli kwamba kwake ni machache.

Mumewe anaitwa Hassani, na mtaani ukimtaja bila kuongeza "wa Chatu" utaulizwa Hassani yupi. Ni mcheza ngoma. Siku za mechi kule Ruangwa, kabla watu hawajaingia uwanjani, kikundi chake hupiga nje ya geti, na Hassani hutoka na chatu shingoni, mnene kama paja la mtu mzima, na vijana wa machimboni kutoka Namungo hukimbia huku wakicheka. Chatu huyo alimwokota mchanga kabisa kwenye shamba la ufuta, wavunaji walipokuwa tayari wameshanyanyua mapanga. Akampa jina la Mstaafu, kwa sababu hula mara moja, hulala mwezi mzima, hana kazi wala haraka, kama mzee anayesubiri kiinua mgongo. Maliasili wanamjua, kikundi kina kibali chake. Analala stoo, chumba kilichoshikana na jiko, na jioni Hassani humtoa, wanakaa wawili uani kusikiliza redio.

Mwanne hakuwahi kumgusa. Ukimwuliza kama anamwogopa, atakwambia amwogope kwa lipi, nyoka mwenyewe mvivu. Kilichomuudhi ni kingine. Mstaafu alikuwa anakula majogoo, na majogoo hao walitoka kwenye sanduku lake. Ayageuze mayai asubuhi na jioni, aangue, alishe, akinge na mwewe, halafu siku moja mumewe amchukue jogoo miguu juu aingie naye stoo huku anaimba. Miaka tisa alilimeza hilo, na kila mara lilimkwama kooni.

Mwaka huu, wakati wa kipupwe, watu wakiwa wanafunga miganda ya ufuta, Hassani alikwenda mazishini. Mwanne akafungua mlango wa stoo, akauacha wazi, akaenda zake kisimani. Hakuficha. Mumewe aliporudi na kuuliza nani kafungua, alijibu, "Mimi." Hassani akatafuta vichakani hadi viatu vikaisha soli. Mwishowe wapalilia mikorosho wa Mtua wakatuma habari kwamba wameona chatu wawili wamesokotana chini ya mkorosho, wanapigana miereka. Mmoja alikimbia. Aliyebaki alikuwa Mstaafu. Hassani alirudi naye begani, anajisifu barabara nzima jinsi mzee wake alivyomshinda mwenzake.

Usiku ule Hassani hakula. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akasema bila kupaza sauti, "Nyumba ikimkataa Mstaafu, imenikataa na mimi. Siku akitoka tena kwa mkono wako, au akifa kwa mkono wako, usinitafute." Mwanne alimfahamu. Huyu alikuwa mtu aliyekata maneno na kaka yake wa tumbo moja kwa ajili ya mpaka wa shamba, na kaka akazikwa maneno yakiwa bado yamekatika. Ndipo Mwanne akaogopa. Hakumwogopa nyoka, aliogopa nyumba isiyo na mtu wa kumkasirikia. Alikuwa anampenda mwanamume yule, jambo ambalo hakuwa amemwambia tangu binti yao Saada alipokuwa ananyonya, na sasa Saada ana mume wake Masasi.

Korosho zilipoanza kuanguka, pikipiki iliyombeba Hassani ikateleza kwenye changarawe akitoka Ruangwa. Mfupa wa paja ukavunjika. Baada ya hospitali walimwambia asisafiri, akae karibu, kwa hiyo akawa kwa dada yake Raudha, palepale Ruangwa, mguu umefungwa plasta hadi kiunoni. Mstaafu akabaki mikononi mwa Mwanne.

Siku ya kula, Mstaafu aliletewa jogoo. Mwanne alimsukumia ndani, akafunga mlango, akasubiri kelele. Kimya. Kesho yake akafungua, jogoo akatoka mzima, amenona kwa mchwa wa stoo. Akajaribu mwingine. Huyo wa pili aliwika akiwa amesimama juu ya mgongo wa chatu. Hapo Mwanne akaanza kukosa usingizi. Nyoka akifa sasa, mwenyewe hayupo, nani atasadiki kwamba amekufa tu? Ikabidi achukue tochi, aingie, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mstaafu alikuwa amejiviringa kama kata ya kubebea ndoo, kichwa kimelala juu. Katikati ya kata, mwanga wa tochi ukaangukia vitu vyeupe.

Akatoka, akapiga simu Ruangwa.

"Baba Saada, Mstaafu ametaga."

"Ametaga nini?"

"Mayai. Wewe ulitaka atage nini?"

"Mstaafu ni dume."

"Basi dume lako limetaga."

Mwanne akadhani salio limekwisha. Kisha akamsikia Hassani anapumua kwa shida, akajua analia. Miaka tisa alikuwa anamwita mzee, kumbe ni mama, na ile miereka ya chini ya mkorosho kumbe ilikuwa harusi. Alipopata sauti alisema anataka wanawe waanguliwe, wote, anataka awaone kabla hajafa. Halafu sauti ikabadilika, akamwita kwa jina, siyo Mama Saada kama kawaida yake. "Mwanne. Wilaya hii haina fundi wa mayai kukuzidi wewe. Hayo yakiharibika, sitasema ni bahati mbaya."

Mwanne alifikiri kama fundi. Kuku anayeatamia muda mrefu bila kula hukonda, na mwenye kuku mwenye akili humpunguzia mzigo. Nyoka huyu hali, amekalia mayai mengi, atakufa na mayai yatakufa naye. Dawa ni kuyatoa, kuyaingiza sandukuni, na nyoka ale. Akamwita Yasini, mpiga ngoma wa kikundi, mtu aliyezoea kumshika Mstaafu. Yasini alichungulia, akajikuna. "Shemeji, mtaka cha uvunguni sharti ainame."

"Basi inama," alisema Mwanne.

Yasini alimfunika nyoka kichwa kwa gunia, akakishikilia, na Mwanne akaingiza mikono. Mayai yalikuwa laini kama ngozi ya ndala mpya, makubwa, tena yameshikana. Akayabandua moja moja, polepole, kwa sababu hakuwahi kuona mayai yanayolaliwa yakiwa yamegandana hivyo, ikaonekana kwake ni uchafu wa kuondolewa. Wakapata beseni zima. Ndipo Mstaafu akatoa sauti kama mpira wa lori unaotoa pumzi, Yasini akaruka, na kazi ikaishia hapo. Machache yalibaki chini, kwenye mzunguko wa ndani kabisa, pasipofikika. Mwanne akasema hayo basi, yahesabiwe hasara.

Yale ya beseni aliyatunza kuliko yai lolote la mwenye kulipa. Aliyatandikia pumba zenye unyevu, akatia alama za mkaa, akayageuza alfajiri, akayageuza jioni. Siku moja akazima taa za ndani, akaweka tochi nyuma ya yai, akaona mishipa myekundu imetanda, myembamba kama mizizi ya mche wa mbaazi. Ndani yake kulikuwa na kitu kinachodunda. Alifurahi, na furaha hiyo ikamuudhi kidogo, kufurahia watoto wa yule mla majogoo. Alimpigia Hassani. "Yana damu," alisema. Na Hassani akasema, "Alhamdulillahi, Mama Saada."

Tangu hapo Hassani alikuwa anapiga kila jioni. Kwanza aliuliza mayai, halafu Mstaafu, halafu hali ya mkewe, na baada ya muda mpangilio ukageuka, akawa anaanza na yeye. Waliongea kuliko walivyoongea miaka mingi wakiwa nyumba moja. Hassani alisimulia jinsi Raudha anavyochemsha mboga hadi zinasahau jina lao, na Mwanne alicheka, akakaa na simu sikioni hata baada ya kukatika.

Kisha yai moja likapata doa. Alilipima kwa tochi, ndani kiza, mishipa imekatika. Akalitoa. La pili, la tatu. Akapunguza taa, akaongeza maji, akabadili pumba. Aliposhindwa akafanya kile ambacho fundi yeyote wa mayai angekifanya, akaongeza kugeuza: alfajiri, mchana, jioni. Ndiyo kwanza yakazidi. Harufu ikaanza kutoka sandukuni, ile anayoijua, na Hassani akipiga anauliza, yeye anajibu, "Yapo." Yalikuwepo, kweli.

Lilipobaki la mwisho na lenyewe limelegea, alijifunga khanga akaenda kwa bwana nyama, ofisa wa wanyamapori wa wilaya. Huyo alikuwa kijana wa Kagera, anaitwa Evodius, ameletwa kikazi, na katika watumishi wote wa wilaya hakuna aliyeogopa nyoka kama yeye. Alimsikiliza Mwanne huku amekunja miguu juu ya upau wa kiti. Alikiri hajui, mambo ya mayai ya nyoka hakuyashika vizuri chuoni. Akampigia mwenzake Dodoma, wakaongea kirefu, akaweka simu mezani.

"Mama, uliyageuza?"

"Kila siku. Mwishoni mara tatu."

Evodius akatazama dirishani. "Ya nyoka hayageuzwi, mama. Ya kuku, ndiyo. La nyoka, kile kiumbe kinajishikiza upande wa juu, na kinakaa hapohapo. Ukiligeuza kinazama."

Mwanne akatazama viganja vyake, na Evodius akaendelea.

"Na mama yao hali kipindi chote hicho, ila hafi. Anatetemeka mwili kuyapa joto. Yeye ndiye mashine."

"Kwa hiyo ningekaa tu?"

"Ungekaa tu, mama yangu."

Alitoka, akaketi kwenye benchi la nje, pale wanapoketi watu wenye malalamiko ya tembo. Mikono yake aliiweka mapajani, akaiona haina pa kwenda. Hapo alilia, bila kujificha, na watu wa tembo wakampisha nafasi.

Kesho yake alipanda basi la asubuhi kwenda Ruangwa. Njiani lilimjia jambo jepesi la kusema: kwamba Mstaafu mwenyewe ameyaponda. Nyoka hana mdomo wa kukanusha. Alilibeba jambo hilo hadi mlangoni kwa Raudha, na lilikuwa tayari ulimini. Lakini Hassani alipomwona alijaribu kuinuka kitandani na mguu wake wa plasta, uso umefunguka, akasema, "Mama Saada, umekuja mwenyewe." Mwanne akashindwa. Alisema yote kama yalivyokuwa: kuyabandua, kuyageuza, harufu, bwana nyama, hata lile neno "yapo".

Raudha ndiye aliyetangulia kusema, akiwa amesimama na bakuli mkononi. "Wifi, mimi sisemi kitu. Ila fundi akikosea, hukosea moja. Hakosei beseni zima."

Hassani alikuwa anatazama dari. "Ungeniambia Mstaafu ameyaponda," alisema, "ningekuamini. Angeniambia mtu mwingine yeyote kwamba ameharibu, ningemwamini. Lakini wewe? Wewe ni wa kuharibu mayai bila kukusudia?"

"Nilikuwa sijui."

"Mwanne hajui mayai." Alilisema taratibu, akiligeuza mdomoni, na halikumwingia. Akageuza uso ukutani. "Nenda. Mguu ukipona nitajua pa kuelekea."

Ndivyo ulivyo ufundi. Asingekuwa anajua kitu, angesamehewa siku ileile na kupewa chai. Mwanne alirudi Nachingwea bila kunywa hata maji, na hasira ikamshika akiwa nusu ya njia, hasira ya kweli, kwa mwanamume aliyelala karibu na mikono yake miaka yote hiyo na hakuijua.

Simu za jioni zilikoma. Kule stoo Mstaafu bado alikuwa amejiviringa juu ya yale machache. Mwanne akamwekea beseni la maji karibu na kichwa, basi. Hakugusa, hakupima, hakumulika. Kazi ngumu kuliko zote alizowahi kupewa ilikuwa hiyo ya kutofanya kitu. Alikuwa anafika mlangoni baada ya sala, mikono inamwasha, anaifunga nyuma ya mgongo, anasimama. Aliona mwili wa nyoka ukitetemeka kidogo kidogo, kama mtu mwenye homa. Nyama zilikuwa zimemwisha, uti wa mgongo umechomoza. "Na wewe una kazi," alimwambia siku moja, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu nyoka huyo alipoingia nyumba ile.

Mvua za kwanza zilishanyesha na maembe yanaoza barabarani pale alipokuta yai limechanika kama limekatwa na wembe, kichwa kidogo kimechungulia, kinatoa ulimi. Yalipasuka yote yaliyobaki. Mwanne hakumpigia mtu Ruangwa. Alimwita Yasini na bwana nyama, na Evodius alikuja na buti za mvua hadi magotini, akasimama mlangoni, akasema watoto watapelekwa porini wakishajivua gamba la kwanza, na mama yao aachwe apumzike, ale.

Yasini hana siri. Siku ya pili bajaji ilisimama nje, Hassani akashuka na magongo, plasta imekatwa, sasa inaishia gotini. Hakubisha hodi. Alikwenda moja kwa moja stoo, akakaa chini kwa tabu, na watoto wa Mstaafu wakampanda miguuni, wembamba, wanang'aa. Alikaa humo muda mrefu, anacheka peke yake. Mwanne alikuwa jikoni anakuna nazi. Hakuacha.

Jua lilikuwa limeanza kushuka Hassani alipotoka, akaegemea mlango wa jiko. Uso wake ulikuwa laini. "Mama Saada," alisema, "yaliyopita yamepita. Nimekusamehe."

Mwanne akaweka mbuzi ya nazi pembeni. "Umenisamehe nini?"

"Yale mayai ya mwanzo."

"Yale sikukuomba msamaha," alisema Mwanne. "Sikusafiri hadi Ruangwa kuomba msamaha. Nilikuja uniamini. Msamaha wako mpe Raudha, amekuchemshia mboga."

 Hassani alitazama magongo yake, akatazama bajaji iliyokuwa bado inageuza nje. Angeweza kuiita. Mwanne aliliona hilo, na hakusema neno la kumzuia. Bajaji ikaondoka. Hassani akabaki palepale.

"Uliyageuzaje?" aliuliza. "Nionyeshe."

Wakati wa sanduku ulikuwa umefika, na angelifungua hata bila kuulizwa. Mwanne alinawa mikono, akaikausha kwa khanga, akafungua mlango wa mbao. Ndani kulikuwa na mayai ya Dafrosa, mwalimu wa shule ya msingi, ya kuku wa kienyeji. Hassani alivuta kigoda, akakaa, mguu ameunyoosha. Katika ndoa yao yote hakuwahi kukaa hapo. Mwanne akachukua yai la kwanza kwa ncha za vidole, akalibeba viganjani kidogo lisishtuke na baridi, akaligeuza, akalilaza. La pili. La tatu. Hakuna lililogongana na jingine, hakuna sauti. Kila moja lilikaa kiganjani muda uleule, hakuna lililopendelewa. Alisahau kama kuna mtu anamtazama.

Aliposikia mumewe anavuta makamasi, hakugeuka.

"Basi, Mama Saada," alisema Hassani. "Basi. Nimeona. Pole, mke wangu."

Mwanne hakuacha, kwa sababu trei ilikuwa imefika nusu tu.